Jirani Anayeacha Sigara

Fereej Bin Mahmoud, Doha
14 Septemba 2024

Kwa Mjomba Jeremiah,

Mulembe, Mjomba, wewe na Mama Tony na wote mlio hapo nyumbani. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni chini ya kiyoyozi, maana ndipo mahali pekee chumbani penye ubaridi wa kweli. Nje joto bado ni lile la kukurudisha ndani kabla hujafunga mlango. Niko mzima. Wairimu, muuguzi mwenzangu ninayekaa naye, anakusalimu. Anasema sukari guru uliyonitumia imekwisha na kwamba aliyeimaliza ni mimi. Usimsikize.

Mama aliniambia Tony amepeleka wazee kwa kina mchumba wake na wamepokewa vizuri. Nimefurahi sana. Mwambie asipange arusi kabla sijapata likizo.

Uliniuliza kwenye barua yako nafanya nini nikitoka kazini, au ni hospitali na kitanda tu. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Lakini tangu Juni nimepata marafiki watatu, na cha ajabu ni kwamba sijawahi kuwaona.

Ilianza na mkono wangu. Nilikuwa namtoa damu mzee mmoja, mkono ukatetemeka. Nikautuliza, ukatetemeka tena. Mzee akaniangalia kwa upole, akasema, "Binti yangu, keti kwanza." Siku hiyo nilikuwa nimekunywa vikombe sita vya kahawa na haijafika saa saba. Niliona aibu, Mjomba. Mtu amekukabidhi mshipa wake nawe huwezi kushika sindano.

Jioni hiyo, kwenye ukurasa wa Facebook wa watu wa Afrika Mashariki walioko Doha, nikaona mtu anaitwa Bradley ameandika: "Kuna mwingine anayejaribu kuacha kitu? Mimi naacha sigara. Tunywe kitu pamoja saa kumi, kila mtu akiwa pale alipo." Watu walimcheka sana. Wachache tulimwandikia. Sasa tumebaki wanne, na kila siku saa kumi tunapigiana simu ya pamoja kwa dakika kumi na tano, kila mmoja na kikombe chake. Ndani kuna chochote ila kahawa.

Bradley ni mlinzi kwenye jengo moja refu kule Lusail. Ni mtu wa Kakamega, amevuta miaka kumi na tisa. Job ni dereva, Mganda, anavuta na kunywa kahawa, na anataka kuacha vyote kwa pamoja kwa sababu anasema vimezoea kutembea viwili viwili. Kawira ni wa Meru, analea watoto katika nyumba moja kule Al Wakrah. Yeye ni kahawa. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata akiwa ameketi. Na kazi yake kila alasiri ni kupika kahawa ya wageni, ile ya Kiarabu yenye iliki, na kuwamiminia. Anapika asionje. Nikimfikiria yeye naona langu ni dogo.

Mimi niko huko kwa ajili ya kahawa tu. Nimefika vikombe viwili.

Barua hii nampa Ronny wa Chwele anayerudi likizo. Mama aliniambia pia kwamba una kikohozi kisichoisha. Ni kweli?

Mpwa wako,
Nasimiyu

*

Kimilili
20 Oktoba 2024

Mwanangu Nasimiyu,

Barua yako ilifika salama mkononi mwa Ronny, ambaye amenenepa. Hapa kwetu ni wazima. Mvua imetupa nafasi na tunachuma kahawa. Mwaka huu matunda ni mazito na yameiva kwa pamoja, hata Mama Tony ameacha vikao vyake vya kanisa ili tuwahi. Mtamba mwekundu amezaa ndama jike. Tony amekubali kusubiri hadi Agosti mwaka ujao, ingawa amekubali kama mtu aliyekalia msumari.

Nimesoma habari za rafiki zako mara mbili. Nilikaa miaka ishirini na nane kwenye mizani ya kiwanda cha kahawa, nikiwapimia watu buni, na sikujua kuna mtu mahali anahangaika kuiacha. Huyo Kawira nampa heshima. Kuna watu wanaapa kanisani na hawawezi yale anayoyaweza yeye jikoni.

Sasa nina swali. Bradley alifanyaje siku tatu za kwanza? Nataka unieleze kwa urefu: alikula nini, aliweka nini mdomoni, alifanya nini na mikono. Nauliza kwa niaba ya jirani yangu hapa, mtu mzima, ambaye amevuta tangu alipokuwa kijana na sasa anafikiria kuacha. Ni mwenye haya, hawezi kuuliza mwenyewe.

Mama yako yuko salama. Anashona sare za shule moja kule Eldoret na cherehani yake mpya haina kelele kama ile ya zamani.

Ni mimi mjomba wako,
Jeremiah

*

Doha
30 Novemba 2024

Kwa Mjomba Jeremiah,

Salamu kutoka kwa mtu aliyevaa sweta. Ndiyo, hata huku. Asubuhi kuna ubaridi mtamu na watu wote wanaonekana wamesamehewa. Hongera kwa ndama na kwa mavuno. Nakumbuka jinsi vidole vilivyokuwa vinanata utomvu wa matunda, na jinsi ulivyokuwa ukiandika kilo kwenye daftari kwa mwandiko ambao sijauona kwa mwalimu yeyote.

Niliwasomea wenzangu swali la jirani yako. Bradley akasema, "Mwambie siku ya kwanza si mbaya. Siku ya kwanza unajisifu." Ya pili alimfokea mtu wa kusafisha madirisha bila sababu, akamfuata baadaye kumwomba msamaha. Ya tatu ndiyo yenyewe. Walinzi wenzake huvutia nyuma ya jenereta wakati wa mapumziko. Yeye alitoka upande wa pili na kuzunguka jengo zima kwa miguu, mara nne, kwenye jua. Mpakistani mmoja anayelinda lango la magari akamwona, akamkatia kipande cha mswaki wa mti. Bradley ametafuna miti hiyo tangu siku ile. Anasema meno yake sasa ni ya kuoa.

Nikamuuliza, "Na hamu yenyewe, inakaa muda gani?"

"Dakika nne au tano. Nimezihesabu kwa saa. Haizidi. Inakuja kama mtu anayegonga mlango. Usipofungua anaenda kugonga kwingine. Atarudi, lakini ataenda tena."

Mwambie jirani ajue pia haya: siku ya tatu hiyo mate hujaa mdomoni bila chakula. Vidole viwili vya mkono wa kulia vinakuwa kama havina kazi, na mtu hujikuta amevinusa akitafuta harufu ya jana. Saa mbaya kuliko zote ni zile dakika tano baada ya kazi ngumu, pale mwili unapotaka ulipwe. Hapo ndipo asikae peke yake.

Job amerudi nyuma mara mbili na amesema mara zote mbili bila kuulizwa. "Nyabo," husema, yaani bibi kwa Kiganda, "nimeanguka. Hesabuni upya." Nasi tunahesabu upya. Sheria yetu ni kwamba hakuna anayeuliza kwa nini. Kawira juzi alipewa kikombe na mama wa nyumba mbele ya wageni, kwa heshima, na kukataa ni vigumu. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akakitikisa kidogo kama wanavyofanya wao kuonyesha kwamba wametosheka, akakirudisha kikiwa kimejaa. Wageni wakacheka na mama wa nyumba akacheka. Alipotusimulia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda mbio.

Wote wanamsalimu jirani yako na wanataka kujua siku atakayoanza.

Hukunijibu juu ya kikohozi.

Ninampa Michelle barua hii. Anafanya kazi hotelini na anakuja Krismasi.

Nasimiyu

*

Kimilili
12 Januari 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa ya watu wengi na kuku wachache. Mama yako alikuja akakaa siku sita na akanishonea suruali ambayo Mama Tony anasema inanifanya nionekane kama karani tena. Nampa Michelle barua hii arudi nayo, na amekubali kuingoja mpaka niimalize, kwa hiyo nitajaribu kuwa mkweli haraka.

Jirani yuko siku ya ishirini leo. Alianza siku moja kabla ya Krismasi. Siku ya tatu alizunguka shamba la kahawa mara nne kama Bradley, na mara ya nne alikaa chini kwa sababu pumzi ilikataa. Nadhani umeshajua kwamba jirani huyo anaishi katika nyumba hii na analala kitanda changu.

Kikohozi ni cha kweli. Mwezi ujao nitaenda Bungoma kupigwa picha ya kifua. Sikutaka kukuandikia kwa sababu wewe ni muuguzi, na kumwandikia muuguzi kikohozi ni kama kujipeleka wodini.

Sasa lile lingine. Ile barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote. Maneno ya Bradley nayajua, yana sauti ya mwanamume. Kisha yanakuja yale uliyoandika bila kusema yametoka kwa nani. Vidole kunuswa. Mate. Dakika tano baada ya kazi ngumu. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Nimevuta miaka arobaini na nne na sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa navinusa vidole vyangu. Jambo kama hilo mtu hasimuliwi, Nasimiyu. Analijua mwenyewe.

Sikuulizi. Nakuambia langu.

Ulipokuja kukaa kwetu ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa kwenye majani chai Nandi na hakuwa na mahali pa kukuweka. Jioni nikirudi kutoka kiwandani nilikuwa nachoka, nakaa kibarazani, nakupa sigara na kukutuma jikoni uiwashe kwenye kaa la moto. Ili isizime njiani ulikuwa unaivuta mara moja, mara mbili, halafu unaniletea ikiwaka. Ulikohoa siku za kwanza. Baadaye hukukohoa tena, na mimi nilikusifu. Nilisema mbele ya watu, "Huyu mtoto anawasha vizuri kuliko wote." Ulikuwa unatabasamu.

Miaka sita nilikutuma hivyo. Watoto wengi walitumwa na baba zao, na kwa muda mrefu nilijiambia ndivyo ilivyokuwa. Sasa nimekaa siku ishirini bila kitu mdomoni na kichwa kimepata nafasi. Kama unavuta, mimi ndiye niliyekupa ya kwanza. Na nilikupa pamoja na sifa.

Nakuomba radhi. Sina neno lingine la kuweka hapa.

Mjomba wako,
Jeremiah

*

Kimilili
9 Machi 2025

Nasimiyu,

Sijapata jibu na Michelle aliniandikia kwamba alikukabidhi barua mwenyewe. Hii naipeleka posta, sijui itachukua muda gani. Kama nilikuumiza, niambie hata kwa mstari mmoja. Kama umekasirika una haki.

Ni siku ya sabini na sita. Nilikwenda Bungoma. Nitakuambia ukinijibu.

Jeremiah

*

Doha
29 Machi 2025

Mjomba wangu,

Ramadhani inaisha leo au kesho, mji umetulia mchana na kuamka jioni, na wagonjwa wangu wote wananipa tende. Wairimu amepandishwa cheo. Niko mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako ya posta imefika juzi, na nimeona kwamba kunyamaza kwangu kumekufanya uteseke bure.

Ile ya Januari niliisoma mara moja tu, kwenye ngazi, halafu nikaitia mkobani. Ilikaa humo wiki mbili. Nilikuwa naigusa nikitafuta kalamu.

Ndiyo, Mjomba. Navuta. Nilianza mwaka wa pili wa chuo, miaka tisa iliyopita. Huku nilikuwa napanda juu ya paa la jengo letu, nyuma ya matangi ya maji, peke yangu. Muuguzi, tena mwanamke, tena mtoto wa mama yangu Millicent anayeimba kwaya. Hata Wairimu hakujua. Nilikuwa natafuna karafuu kabla ya kushuka.

Na mbaya kuliko hiyo: marafiki zangu wa saa kumi hawakujua. Miezi minane nilikaa nao nikipongezwa kwa kuacha kahawa, nikimuuliza Bradley maswali kama mtu wa nje.

Niliwaambia Ijumaa, tarehe kumi na nne Februari. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikwame. Nikasoma: "Mimi pia navuta. Nimewadanganya."

Bradley akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Ulikuwa unatuambia umefika kikombe kimoja kwa siku. Nikasikia laita. Ya kwanza upepo uliizima, ukawasha tena."

Nilitaka kukata simu. Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ungetoka kwenye kundi," akasema. "Nilitaka ubaki. Nilijua siku moja utachoka kuwa peke yako, utuambie."

Kawira alikuwa analia. Job akasema, "Nyabo, basi leo ni siku ya kwanza. Tuhesabu." Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nimefanya kazi na madaktari wakubwa, Mjomba, watu wenye vyeti vya ukuta mzima, na sijaona mtu aliyejua kungoja kama yule mlinzi.

Wiki iliyofuata tulionana kwa mara ya kwanza. Kawira alipata ruhusa ya Ijumaa, Job akamleta kwa gari lake, Bradley akaja kwa metro na kushuka kituo cha Bin Mahmoud. Chini ya jengo letu kuna duka dogo la chai lenye viti vinne. Nilikuwa nimemfikiria Bradley kuwa mtu mkubwa mwenye mabega. Ni mwembamba, ana miwani, na anazungumza akiangalia meza. Mwenye duka akatuletea karak bila kuuliza, ile chai nzito ya maziwa. Kawira akamwambia kwa Kiarabu chake kizuri kwamba tunataka maji ya moto na tangawizi. Akatushangaa, akatuletea vikombe vinne, na akakataa malipo kwa sababu, alisema, hayo ni maji tu. Tulikaa saa mbili. Hatukuzungumza juu ya sigara hata mara moja.

Nilikaa siku kumi na saba. Kisha tarehe tatu Machi tukampoteza mama mmoja wodini, niliyekuwa nimemzoea, nikapanda juu ya paa na miguu ikajua njia yenyewe. Kesho yake saa kumi nikasema nimeanguka, wakahesabu upya. Leo ni siku ya ishirini na sita.

Sasa juu ya lile jambo la jikoni. Sitakuambia kwamba halikuwa kitu, kwa sababu hutaniamini. Siku ile niliyovuta ya kwanza chuoni sikukohoa, na rafiki zangu walishangaa. Mimi sikushangaa. Ladha ile niliifahamu, na ilikuja na kibaraza chako na wewe ukinisifu. Kwa hiyo ndiyo, Mjomba, ilitoka huko. Lakini kutoka huko pia kulitoka Hesabu uliyonifundisha kwenye daftari la kilo, na karo yangu ya miaka sita, na yule mtu aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipokuwa na malaria. Nimekusamehe. Nimeandika neno hilo baada ya kulipima, si haraka.

Umefika siku sabini na sita ukiwa peke yako, bila simu ya saa kumi, bila Bradley, kwa barua mbili tu. Nimewaambia. Job alisema hiyo ni kazi ya wanaume watatu. Mimi nasema sijui mtu mwingine wa umri wako aliyefanya hivyo, nami nimewauguza wengi.

Sasa niambie walichokuambia Bungoma.

Nasimiyu

*

Kimilili
4 Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Barua yako alinisomea Mama Tony kwa sauti kwa sababu miwani yangu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo yeye anajua yote. Alipofika kwenye neno ulilopima akaenda nje kuwafukuza kuku ambao hawakuwepo. Usiogope, hatamwambia mtu.

Mvua ni nzuri. Ndama amekuwa mkorofi. Arusi ni tarehe kumi na sita Agosti.

Bungoma walisema hivi. Haikuwa kifua kikuu. Haikuwa saratani. Mapafu yamechakaa. Daktari, msichana wa umri wako, alinionyesha picha na kunieleza polepole kwamba kilichokwisha hakirudi, ila kwa kuwa nimeacha, kilichobaki kinaweza kukaa. Akanipa dawa ya kupulizia mdomoni asubuhi na jioni. Akaniuliza nani alinisaidia kuacha. Nikamwambia ni mlinzi mmoja wa Lusail na mpishi wa kahawa wa Al Wakrah. Aliandika kitu kwenye kadi, sijui ni nini.

Napanda shamba kwa kupumzika mara mbili. Zamani sikupumzika. Nimekubali.

Kuna jambo nililifanya ambalo lazima ulijue. Mama yako alipokuja Pasaka nilimwita kibarazani. Nilimwambia, "Millicent, ulipomwacha mtoto kwangu nilikuwa namtuma kuniwashia sigara, na alikuwa anaivuta." Lako la leo sikulisema. Hilo ni lako, utalisema au hutalisema. Nilisema langu tu.

Nilidhani ataondoka. Akasema, "Nilikuwa nanusa moshi kwenye nywele zake nikija kumwona. Nikajiambia ni wa jikoni. Nilitaka uwe wa jikoni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka."

Baadaye alisonga ugali, tukala pamoja.

Leo ni siku mia moja thelathini na mbili. Waambie wenzako wanne. Najua ni watatu, lakini nakuhesabu wewe pia.

Mjomba wako,
Jeremiah

*

Doha
19 Juni 2025

Kwa Mjomba Jeremiah na Mama Tony,

Joto limerudi na mimi nimerudi chini ya kiyoyozi. Likizo imekubaliwa, nitafika tarehe tisa Agosti, wiki nzima kabla ya arusi. Mwambie Tony nitavaa rangi yoyote atakayotaka mchumba wake, hata ile ya machungwa.

Baada ya kusoma barua yako nilimpigia Mama. Tuliongea habari za cherehani, za kwaya, za mguu wake. Kisha nikamwambia. Nilitarajia alie, au anikemee, au anitajie Mungu. Aliuliza, "Uko siku ya ngapi?" Sikujua kwamba anajua tunahesabu; labda alikusikia wewe ukihesabu zako. Nikamwambia. Akasema, "Basi nitakuwa nakuuliza." Na ameniuliza kila siku tangu siku hiyo, kwa ujumbe, tarakimu tu na alama ya kuuliza. Leo nimemjibu mia moja na nane.

Picha yako ya kifua nilimsimulia daktari mmoja hapa ninayemwamini. Anasema yule msichana wa Bungoma amekueleza sawasawa na kwamba umeacha kwa wakati. Usiache dawa hata ukijisikia vizuri. Hilo nakuambia kama muuguzi, na huna ruhusa ya kubishana.

Sasa habari kubwa. Mkataba wa Bradley umekwisha na hataongeza. Anarudi nyumbani kabisa, baada ya miaka saba. Jana saa kumi alituaga kwenye simu. Alisema hana hotuba. Kawira alimwambia kwamba moyo wake sasa unatulia akiketi, na kwamba angetaka ajue ni nani aliyeutuliza. Bradley alisema, "Ni wewe, mimi nilikuwa nakunywa maji tu." Job yuko siku ya arobaini, mbali kuliko alivyowahi kufika, ndiye atakayekuwa anaanzisha simu sasa, na tayari ametuonya kwamba atachelewa kila siku. Langu mimi nilimwambia baadaye, kwa ujumbe, na ulikuwa mrefu.

Kutoka Kakamega kwao hadi kwako si mbali, na nimemwomba afike Kimilili kabla hajatua mizigo. Kwa hiyo barua hii haikuja na mgeni mwingine yeyote. Mtu anayekupa bahasha hii, huyo mwembamba mwenye miwani anayeangalia chini, ndiye. Usimwache arudi siku hiyo hiyo. Anapenda ugali na mboga chungu, hali nyama ya ng'ombe, na hatazungumza mpaka umzoee. Mpandishe shambani umwonyeshe kahawa mtini, maana hajawahi kuiona. Msimame kila utakapohitaji kusimama, anajua kungoja.

Mpwa wenu,
Nasimiyu